Lori la Midanzi

Siku ya mwisho kabla hatujajua kwamba kuna vita, mimi na Ami Salim tulikuwa tukigombana juu ya uzi.

Alikuwa ameufunga kwenye komeo la mlango mkubwa wa jumba, akauvuta mpaka ukingo wa birika lililokuwa katikati ya bustani, na alitaka kila kichaka kikatwe kwa kuufuata. Mimi nilishikilia kwamba jicho langu linatosha. Nilikuwa nimekata ua wa kaiyaba kule Limuru tangu nimalize shule, kwenye nyumba ya zamani ya walowezi iliyogeuzwa hoteli, na sikuona kwa nini mzee wa Kiyemeni anifundishe mstari ulionyooka. Akaniachia upande mmoja niukate kwa jicho, yeye akakata wa pili kwa uzi, kisha tukaenda kusimama mlangoni kutazama. Upande wangu ulikuwa umelewa kabisa. Salim alicheka mpaka akakaa chini. Nilikasirika, halafu na mimi nikacheka.

Jina langu ni Joseph, lakini yeye aliniita Yusufu tangu siku ya kwanza. Tulikuwa na Kiarabu chetu cha bustanini, maneno machache ya maji, mkasi na jua, na kwa maneno hayo tulizungumza kila kitu.

Jumba lilikuwa la udongo na magogo ya mitende, nje ya Riyadh, mbele kidogo ya maghala ya Sulay. Babu yake bosi ndiye aliyelijenga, na bosi alilifanyia ukarabati pamoja na bustani yake: robo nne zilizolingana, njia za mawe zinazokutana penye birika, na kandokando ya njia hizo midanzi iliyopandwa ndani ya mitungi mikubwa, kila mti ukitazamana na mwenzake. Danzi ni chungwa chungu. Haliliwi, lakini mti ukichanua harufu yake huingia mpaka kwenye nguo. Bosi alipofika kutoka mjini aliizungukia midanzi yote kabla ya kuingia ndani kumsalimia mke wake.

Aliyenipeleka huko ni Dominic, dereva wa bosi. Miaka ile vijana walikuwa wakiondoka kwa makundi na kila mtaa ulikuwa na wakala wake. Mimi niliwaogopa mawakala, lakini Dominic hakuwa wakala. Tulikuwa tumeimba naye kwaya moja kanisani, yeye akiimba sauti ya besi, mimi sauti ya tena. Alinipigia simu akaniambia, "Jose, hii ni kazi poa. Ni garden, si construction. Bosi mwenyewe ni mtu fiti." Nilimwamini jinsi unavyomwamini mtu ambaye umesimama naye mstari mmoja kila Jumapili.

Vita vilianza kwenye televisheni ya jikoni. Baadaye vikaja kwa ndege zilizopita juu yetu kuelekea kusini, iliko Yemeni na milima ya kina Salim. Mke wake na binti zake walikuwa huko, katika mji mdogo upande wa Ibb. Kila ndege zilipopita aliacha kukata, akasikiliza mpaka mlio ukaisha, kisha akaendelea pale alipoachia.

Siku zilezile bosi alimwita penye birika. Nilikuwa karibu, nikipalilia. Bosi alipitisha kiganja usoni mwake mpaka kwenye ndevu, akasema, "Salim, inta fi wajhi." Maana yake, wewe uko usoni mwangu. Salim alinieleza baadaye kwamba kwa Waarabu wa nchi hizo si neno la kusema ovyo. Mtu akikuweka usoni mwake amekuchukua chini ya ulinzi wake, na akikuacha ukadhurika, hana uso tena mbele za watu.

"Na akisahau?" nilimuuliza.

"Asahau uso wake, Yusufu?" Akacheka. "Halas, basi. Sasa mafi mushkila, hakuna shida."

Alikuwa ameishi katika nchi ile muda mrefu kuliko mimi nilivyokuwa nimeishi duniani. Alilitegemea neno lile kuliko ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini.

Kisha akafa mpwa wa madam, mke wa bosi. Alikuwa askari kijana aliyekuwa mpakani. Tulimjua. Alikuwa akija Ijumaa kunywa kahawa bustanini, na alimwita Salim ami, kwa heshima, kama nilivyomwita mimi. Jumba lilijaa wanawake waliovaa nyeusi. Salim alikata matawi ya midanzi yenye maua, akayafunga vizuri na kuyapeleka mlango wa jikoni kama rambirambi. Jioni tuliyakuta nje, kando ya pipa la taka. Aliyaokota na kuyaweka ndani ya ndoo ya maji.

Tangu hapo madam akatoa amri kwamba Myemeni asizungumze kwa sauti mahali anapoweza kusikika. Basi tukawa tunanong'ona bustanini kama wezi.

Jioni moja, baada ya magharibi, tulikuwa tukimwagilia.

Kishindo kilitokea juu.

Madirisha yakatetemeka. Maji ya birika yakaruka ukingo.

Salim alinikamata shingoni akanilaza katikati ya mitungi.

Kishindo cha pili. Halafu kitu kikaanza kushuka kikipiga mluzi.

Kiliangukia robo ya mashariki. Udongo ulitumwagikia. Nilihisi maji ya uvuguvugu mguuni, nikaamini ni damu yangu. Kumbe bomba lilikuwa limepasuka.

Kilikuwa kipande cha chuma cha kombora lililotunguliwa, kirefu kama mlango, na ua uliokizunguka ulikuwa ukiwaka. Ndani madam alikuwa akipiga mayowe. Bosi alitoka na taa ya simu, akaimulika midanzi, mti baada ya mti, mpaka mwisho wa njia. Ndipo akatuuliza kama tumeumia. Salim alikuwa akikitazama kile chuma.

"Kimetoka kwetu," aliniambia polepole, kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekirusha.

Asubuhi familia ikahamia Jeddah, kwenye jumba lao la Al-Hamra karibu na bahari. Kabla ya kuondoka bosi aliichukua ikama ya Salim, akisema inakaribia kuisha na ataifanyia upya. Pasipoti zetu alikuwa nazo tangu zamani. "Itunzeni bustani," alisema. "Nitamtuma Dominic na lori awalete wote." Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Wote. Kisha lango likafungwa kwa kufuli upande wa nje, kwa usalama wetu, alisema.

Tulibaki na gunia la mchele, maharagwe na kisima. Mlinzi wa shamba jirani, Mbangali mmoja mwenye huruma, alitupitishia mikate juu ya ukuta. Vishindo vilirudi mara nyingine, mbali kidogo, na kila mara tulikimbilia katikati ya mitungi kama kuku. Mchana tulikata na kumwagilia. Niliona ni upuuzi kunyoosha ua wakati mbingu inapasuka, nikamwambia hivyo, naye akanikabidhi ncha ya uzi nishike.

Lori likaja adhuhuri, limekodishwa Sulay, na Dominic ameketi mbele pamoja na dereva wake. Nilipiga kelele kwa furaha. Salim alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake siku nyingi, blanketi na nguo ndani ya shuka moja.

"Tunaanza na miti," alisema Dominic.

Tuliipakia midanzi yote. Salim alifunga matawi ili upepo wa njiani usiyavunje, akaizungushia mitungi magunia mabichi, akanionyesha jinsi ya kuinywesha tukifika milimani Taif. Lori lilipojaa, Dominic alinivuta kando.

"Bosi amesema mtu mmoja wa kumwagilia njiani. Ni wewe."

"Na mzee?"

"Jose, si unaona gari imejaa? Halafu hana ikama mkononi. Tukifika checkpoint tunashikwa sote. Nitarudi na pickup siku mbili tatu hivi, nikiwa na ikama yake. Trust me."

"Mwambie basi."

"Mwambie wewe. Nyinyi ndio mnaelewana."

Nikamwambia. Nilitumia yale maneno yetu machache, na kwa sababu yalikuwa machache yalitoka wazi kabisa: lori litarudi, Dominic ameapa, ngoja hapa. Salim alinitazama, akamtazama Dominic, akanigusa begani. "Mafi mushkila, Yusufu. Yalla, nendeni, jua linaichoma miti." Akauchukua mzigo wake akaenda kuketi nao ndani ya lango. Dominic akatoka mwisho na kulifunga kufuli. Nilipomuuliza kwa nini anamfungia mzee, alisema ni amri ya bosi, akapanda mbele. Mimi nilipanda nyuma na midanzi.

Huko Al-Hamra tuliipanga mitungi kandokando ya ukuta mweupe. Madam alishuka kuitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu. Nilimuuliza Dominic kila siku. Pickup iko gereji. Bosi hajamaliza mambo ya ikama. Kesho. Jumamosi. Inshallah. Simu ya Salim ililia bila kupokewa, kisha ikazimwa kabisa.

Alasiri moja nilikuwa juu ya ngazi nikikata matawi makavu, simu ikalia kutoka namba nisiyoijua. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wanaume wengi.

"Yusufu. Wewe ulijua?"

"Nijue nini, ami? Uko wapi?"

"Walinikuta nimekaa langoni na mzigo wangu. Nilisikia kufuli likifunguliwa, nikadhani ni lori."

"Nani? Nani walifungua?"

"Ulijua?"

Simu ikakatika. Nilipopiga, akapokea mtu mwingine, akanitukana, akazima.

Ijumaa nikaenda Kandara, mtaa wa humo Jeddah, kwenye chumba ambacho madereva wa Kikenya walikuwa wakikutana kupika ugali na kucheka kidogo. Nilimtoa Dominic mpaka kwenye ngazi nikamsimulia ile simu. Alikaa chini, akaanza kusugua magoti.

"Bosi alimpigia hurub," alisema.

Kila mfanyakazi kule alilijua neno hilo na kuliogopa. Kafili, yaani bosi anayekudhamini, akiripoti kwamba umetoroka, umekwisha. Polisi wanakuchukua na kukutupa kwenu. Basi mtu aliyekuwa nyuma ya kufuli la bosi, ndani ya ukuta wa bosi, akiichunga bustani ya bosi, alihesabiwa kuwa ametoroka.

"Kwa nini asimfukuze tu?"

"Si unajua ile story ya uso? Madam alikataa kabisa kumwona Myemeni. Lakini bosi akimfukuza, yeye ndiye amevunja neno lake. Mzee akitoroka, ni mzee amevunja." Akaendelea kusugua magoti. "Walitaka mtu aseme alimwona akiruka ukuta."

"Ukasema?"

"Ningefanya aje, Jose? Alinipromise exit, ruhusa ya kurudi home. Mtoto wangu hanijui."

"Ulisema lini?"

Nilimshika kola.

"Kabla ya lori," alisema.

Sikumpiga, na mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia. Nilishuka ngazi nikapita katikati ya watu waliokuwa wakinunua vocha na viatu. Kwamba alimuuza mzee wa watu, hilo ningeweza kulisema kwa lugha yoyote. Lakini alikuwa amenisimamisha mbele ya Salim na kunitumia mdomo wangu, kwa sababu alijua kwamba mzee hangemwamini yeye. Besi na tena, mstari mmoja. Hata sasa nikisikia kwaya ikianza hutoka nje.

Dominic alipata ruhusa yake akarudi nyumbani mwezi uleule. Mimi nilibaki Al-Hamra nikiinywesha midanzi, kwa kuwa pasipoti ilikuwa bado kwa bosi, ambaye alinisalimu kila asubuhi kwa uchangamfu na kuniuliza kama miti imezoea hewa ya bahari. Hakumtaja Salim hata siku moja. Uso wake ulikuwa mzima.

Muda mfupi kabla sijaachiliwa kurudi, nilikuwa Kandara tena, nikinunua asali ya kumpelekea mama. Mwenye duka alikuwa Myemeni. Nikamuuliza anatoka wapi, akautaja mji wa Salim. Nikamuuliza kama alimjua mtunza bustani aliyerudishwa kutoka Riyadh. Alimjua vizuri, walikuwa majirani. Salim alifika kwao salama, akaishi na mke wake na binti zake, akalima. Halafu ndege zikapiga soko asubuhi ambayo alikuwa amekwenda kununua unga. Walimzika pamoja na wengine, kwa sababu haikuwezekana kuwatenganisha.

Nilishika meza ya duka. Nilimuuliza kama Salim aliwahi kuzungumza juu ya bustani.

"Kila siku," alisema yule mtu. "Kwa bosi wake hakusema baya. Alisema labda alidanganywa. Lakini kulikuwa na Mkenya, aliyeitwa kwa jina la nabii. Alimpenda kama mwanawe. Huyo ndiye aliyemwambia angoje."

"Ni mimi," nilisema.

Akaanza kufuta chupa za asali. Nilijaribu kumweleza: Dominic, kufuli, hurub, amri ya bosi. Kiarabu changu kilikuwa kile cha maji, mkasi na jua, na maneno ya mambo hayo sikuwa nayo. Aliendelea kufuta chupa mpaka nikanyamaza.

Sasa niko Limuru na nakata kaiyaba kama zamani. Watu wa hapa wananijua, na wakinihukumu wana mambo mengi ya kupima. Lakini milimani Yemeni kuna mjane na mabinti ambao sijapata kuwaona, na sina njia ya kuwafikia. Wao wanajua jambo moja tu kunihusu, kwamba niliondoka na miti.