Siku Nne za Kuchimba Mzizi wa Usingizi

Nilianza kazi kwa Bibi Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Bibi, mama yake mama, huwapa mzizi wa usingizi watu wa Nyakakika wasiolala kwa mawazo. Magoti yake yamechoka, ndiyo maana alinichukua mimi.

"Mzizi mama usiuguse," aliniambia. Huo ndio mnene wa katikati. Unakata vijukuu, vile vyembamba vya pembeni, unafukia, mmea unaendelea kuishi. Nyumbani unaosha, unakatakata, unaanika kivulini, maana jua huiba nguvu. Kipimo ni vidole vitatu kwa kikombe kimoja.

Sheria kubwa: ukiwa na mzizi mkononi, husemi na mtu mpaka ufike nyumbani, la sivyo mzizi unaharibika. Mimi ni mwoga wa watu, kwa hiyo niliona hii ndiyo kazi yangu hasa.

Jumatano nikitoka rweya, kule kwenye majani nje ya vibanja vya migomba, nilikutana na Anita, mkwe wa Mwalimu Felista. Mwalimu ni mstaafu, hajalala vizuri tangu afiwe na mumewe.

"Devota, mama ameandikiwa vidonge vya usingizi hospitali, jana ameanza. Mwambie bibi yako asimpe mzizi kwanza. Umesikia?"

Mzizi ulikuwa mkononi. Hata kutikisa kichwa sikujua kama kunaruhusiwa.

"Makubwa! Kidato cha tatu tu, hata shikamoo hutoi? Ukifika chuo si utatupita kama migomba!"

Nilipofika nyumbani ningesema. Lakini nilijiuliza: kusikiliza nako ni kusema? Kama mzizi umeharibika, Bibi angeutupa wote. Nikaona nitamwambia baada ya kuosha. Baada ya kuosha nikaona nitamwambia baada ya kukata. Saa tisa Mwalimu akaja mwenyewe, akapewa wa zamani uliokwisha kukauka. Bibi alimuuliza, kwa lile neno lake la upole, "Unatumia dawa nyingine, waitu?" Mwalimu akasema hapana. Labda aliona aibu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na beseni.

Alhamisi Mwalimu hakuamka hadi saa nane mchana. Alipoamka ulimi ulikuwa mzito na miguu haimbebi. Wakampeleka zahanati kwa bodaboda, amebanwa katikati. Jioni Anita alikuja kwa Bibi.

"Nilimtuma mjukuu wako akuambie usimpe mzizi! Sasa mama mkwe anasema nimetunga, eti nataka kumtia yeye lawama!"

Bibi akanigeukia. "Alikuambia?"

Nikasema hapana. Sijui neno lilitokea wapi. Lilitoka tu.

Anita alinitazama, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Bibi alibaki ameshika mkeka wa mizizi. "Kipimo ni kile kile cha miaka yote," alisema. "Basi sijui tena ninachokijua. Sitatoa tena."

Mpaka sasa sielewi kosa ni la nani: vidonge, mzizi, aibu ya Mwalimu au sheria ile. Nikiyapanga hivi, naona nimejificha nyuma ya hayo. Kazi yangu ilikoma siku hiyo, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Nimejifunza kukata mzizi bila kuua mmea. Kumuuliza mgonjwa mara mbili sikujifunza, na kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Bibi kila kitu. Hakunipiga. Alisema, "Hayo si ya kuniambia mimi peke yangu."

Nikaenda kwa Mwalimu Felista. Alikuwa amesharudi kutoka zahanati, ameketi uani na blanketi mabegani, Anita anakoroga uji. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Mwalimu. Anita aliniambia. Niliyedanganya ni mimi."

Mwalimu alimtazama mkwewe, akasogea kwenye benchi. "Anita, mwanangu, acha huo mwiko. Njoo ukae hapa."

Nikauchukua mwiko mimi, uji usiungue.