Babu wa Kumi na Tano kwenye Karatasi ya Risiti

Leo printa ya risiti imemtaja babu yangu wa kumi na tano!

Niliing'oa kwenye mashine mbovu ya dukani, nikaiunganisha na saketi yangu, nikaipa abtirsi yetu, yaani majina ya mababu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine.

Mota ikasukuma karatasi. Nyeupe tupu.

"Injinia, hata wino hujaweka!" kaka akacheka.

Haitumii wino, inachapa kwa joto. Nikaogopa nimeiunguza, na sina nyingine.

Ayeeyo, bibi yangu asiyejua kusoma, akaikwaruza karatasi kwa ukucha pande zote mbili. Upande wa chini, wenye dawa inayoshika joto, pakatokea mstari mweusi.

"Geuza, mama," akaniambia.

Nikageuza. Majina yakaanza kutoka, naye anayataja kabla ya mashine.

La mwisho lilipotoka, akaiweka karatasi shavuni.

"Wallahi, bado wana joto."

Nyinyi mngemjibu nini?