Mzigo wa Posa Mbele ya Kamera

Juzi vijana wa kanisa walionyesha ile sinema ya zamani kwa ukuta wa holi, hapa Kibirichia. Walipofika pale kijana mwenye koti jeusi anapoingia bomani kuposa, watoto wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu hajipigii makofi. Lile koti si langu, lakini mgongo ulio ndani yake ni wangu.

Ngoja nianze mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati mtaniona mwongo. Shule niliachia darasa la nne, ng'ombe wetu walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hivyo mtanivumilia nikikata kona.

Hiyo sinema kwanza ilikuwa mchezo wa redio. Jumapili baada ya chakula soko lote lilinyamaza. Tulikaa juu ya magunia kwa duka la mbolea, tukisikiliza vile kijana maskini wa mji mdogo anamtaka binti wa tajiri mwenye mdomo. Tulicheka mpaka mbolea ikatuingia puani. Kuna mama alikuwa akimkaripia yule tajiri kana kwamba yumo ndani ya redio: "Si umpeane huyo msichana! Unamweka ghalani aote?"

Mimi nilicheka nusu. Nilikuwa nimetoka kwetu Karurumo, upande wa Embu, kuja kupakia viazi kwenye malori, na msichana niliyempenda alikuwa wa mzee mwenye shamba kubwa huku. Yeye alinipenda pia. Sijigambi, alilisema kwa mdomo wake tukichambua viazi vya mbegu. Baba yake ndiye alikuwa ukuta. Nilimtuma shangazi akaulize, na mzee akamjibu hata kabla hajaketi:

"Mama, rudi salama. Siwezi kumpa binti yangu mtu wa mahali ambapo viazi vinauzwa kwa kilo, si kwa gunia."

Halafu nikasikia kuna mwalimu fulani wa Meru mjini ambaye wazee wake wangekuja kumposa kabla ya mvua. Wakishapokelewa hao, mimi nimeisha. Kazi yangu itabaki kupakia viazi vya arusi.

Mvua haijanyesha, watu wa sinema wakaja. Walisema mchezo wetu wa redio unatengenezwa sinema. Sauti zitabaki zile za redio, zitawekwa juu baadaye, kwetu wanatafuta sura tu. Na nani akapewa kuwa yule tajiri mwenye mdomo? Mzee wangu huyo. Hakuna aliyemfundisha kitu.

Siku ya posa ikafika, posa ya sinema naongea. Mkubwa wao, mtu wa kofia, akaleta sukari na majani ya chai. Mzee akaiangalia ile sukari kama imemtukana.

"Hii ni ya nini?"

"Zawadi ya kuposa, mzee."

"Kijana, Meru msichana haposwi na sukari. Nchi nzima ikiniona nikipokea sukari, watasema tumekwisha. Leteni miraa. Na mniketishie wazee wa kweli, si hawa mmepaka unga kwa nywele."

Basi miraa ikaletwa, na wazee wa kweli wakaketi. Kwa asiyejua, mzigo wa miraa wa posa hufungwa vizuri kwa maganda ya mgomba, ukapelekwa kwa baba ya msichana. Akiuacha chini, mmeambiwa nendeni. Akiufungua, akatafuna na wazee wenzake, amekubali msichana aombwe, na neno hilo halirudi nyuma. Mke wa mchungaji alikuwepo siku hiyo. Aliangalia kando, lakini hakuondoka.

Mwigizaji aliyetoka Nairobi kucheza yule kijana maskini sasa akashikwa na homa. Baridi ya huku haina heshima. Mtu wa kofia akazunguka akitupima kwa macho, akasimama kwangu, maana urefu wetu ulikuwa mmoja.

"Wewe, vaa hili koti. Kamera itakuwa nyuma yako."

Mzee akanguruma. "Watu wote hawa, mmeona huyu Mwembu?"

"Ni mgongo tu, mzee."

"Haya. Mgongo hauna ukoo."

Nikaingia bomani. Nikamkabidhi mzee mzigo kwa mikono miwili, nikasema, "Baba, nimekuja kuomba." Hakuna aliyehitaji sauti yangu, lakini maneno hayo nilikuwa nimeyabeba tangu mavuno, yalitoka yenyewe. Mzee, vile alipenda kutazamwa, akafungua maganda taratibu, akachagua, akatafuna. Akawagawia wazee. Nao wakatafuna. Kamera ikazimwa, akasimama ajipanguse.

Aliyewazidi wazee wote umri hakusimama.

"Kaa kwanza," akasema. "Msichana ameombwa."

"Si ilikuwa sinema!"

"Aliyekuletea mzigo ni nani?"

"Huyu. Lakini ni mchezo!"

"Na anamtaka binti yako, au hamtaki?"

"Hilo hata punda wa soko wanajua!"

"Basi mchezo uko wapi? Hii niliyomeza nitaitema niirudishie kamera?"

Wanawake kwenye ua wakaangua kicheko. Wazee wakamwita msichana, kwa sababu bila yeye kukubali neno halisimami. Akaja na debe lake la maji.

"Mama, tuendelee kutafuna au tuache?" akamwuliza yule aliyewazidi umri.

Akachungulia kwenye maganda. "Mbona mnaniuliza na mmebakisha vijiti?"

Hapo hata mke wa mchungaji alicheka. Mzee alimtazama binti yake, kisha akanipandisha kwa macho kutoka viatu mpaka kola ya koti la watu.

"Utajenga wapi?"

"Pale utakaponionyesha, baba."

Kabla hajajibu, mtu wa kofia akaja mbio. "Wazee, poleni sana. Kuna ng'ombe alipita mbele ya kamera. Tunarudia yote kutoka mwanzo."

Mzee akakunja yale maganda na vijiti vilivyobaki, akavibana kwapani.

"Rudia peke yako," akamwambia. "Binti yangu haposwi mara mbili."

Ndiyo maana ng'ombe yumo kwenye sinema mpaka leo, na wasomi hudhani ni ufundi. Mzee alinishika mkono, akaniingiza jikoni, akamwambia mama mkwe anipe uji.