Kizingiti cha Vidole Sita

Kwa miaka ishirini na miwili kiti cha mbele cha basi, kando ya dereva, kilikuwa cha Hosiyat Ergasheva. Hakikuandikwa jina lake, lakini hakuna aliyethubutu kukikalia. Wanawake kumi na wawili wa mtaa mmoja wa mji wa Margilon, ambao hukutana kila mwezi kunywa chai nyumbani kwa mmoja wao, husafiri pamoja kila Aprili kwenda kutembelea miji ya kale na makaburi ya mawalii. Hosiyat ndiye mpangaji.

Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo hutembea kwa kiti cha magurudumu. Sasa ana hamsini na tisa, ni mzito, mikono yake imekazwa na kazi ya kushona mafarishi ya kulalia ya mabibi harusi, na ulimi wake unajulikana mitaa mitatu. Wiki mbili kabla ya safari huwapigia simu walinzi wa makaburi, majumba ya makumbusho na nyumba za wageni, akiwauliza jambo moja: "Kizingiti chenu kina kimo cha vidole vingapi?" Wengi hawajui. Huwasubiri kwenye simu mpaka waende wakapime.

Kwa mila yao kizingiti hakikanyagwi. Mtoto wa Margilon hujua kukiruka kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Gurudumu haliruki, kwa hiyo wanaume wawili humwinua Hosiyat pamoja na kiti chake na kumpitisha juu kwa juu, naye amebana gauni magotini.

"Napita kama jeneza," husema. "Tofauti ni kwamba jeneza halisemi 'taratibu.'"

Pasipobebeka hubaki chini. Mjini Khiva wenzake wote walipanda mnara, yeye akaachwa kivulini na mikoba kumi na mmoja mapajani. Waliposhuka wakihema walimwambia, "Hujakosa kitu, dada, juu ni upepo tu." Hajawahi kuwasamehe upepo ule.

Aprili iliyopita akaja Zebiniso. Ni mke wa mwana wa Robiya, rafiki wa Hosiyat tangu utotoni, na ana miaka ishirini na tisa. Ajali ya gari mlimani ilimvunja uti wa mgongo miaka miwili kabla. Ana kilo arobaini na tano. Kiti chake ni chekundu, chepesi, na hukikunja mwenyewe. Robiya alipoomba aje naye, Hosiyat hakupata neno la kukataa. Asubuhi ya safari alimkuta Zebiniso kwenye kiti cha mbele, amelala.

"Robiya, mkweo kapotea njia?"

"Kichefuchefu, dada. Akae hapo leo tu."

"Leo tu. Hata ndoa huanza na leo tu."

Hosiyat alipakiwa safu ya tatu, na kwa saa saba alitazama kisogo cha msichana.

Mjini Samarkandi mambo yalizidi. Zebiniso alinyanyua magurudumu ya mbele, akasimama kwa mawili ya nyuma na kupanda ukingo wa barabara bila kuomba mtu. Wageni wakapiga makofi. Kwenye chuo kimoja cha zamani, dereva Ergash alimbeba mgongoni mpaka paani, ngazi arobaini na nne. Ergash huyu alikuwa amelalamikia kiuno chake kwa miaka tisa, kila alipoitwa kumwinua Hosiyat.

"Kumbe kiuno kimepona," Hosiyat alimwambia aliposhuka.

"Huyu ni manyoya tu, dada."

"Na mimi?"

Ergash akakumbuka kwamba hajakagua matairi.

Siku ya pili walifika kwa Oqbuva, kaburi la walii chini ya milima ya Nurota. Mlango una kizingiti cha mti wa mforosadi, vidole sita kwenda juu, kimepakwa mafuta na hakina hata kovu la kiatu. Zebiniso alitoa begani mfuko mrefu. Ndani yake mlikuwa na reli mbili za alumini za kupitishia magurudumu, kila moja ina bawaba katikati, ikifunguliwa inasimama kama paa la kibanda. Alizitega mlangoni, bawaba zikalala juu ya mforosadi.

Mlinzi, mzee Normurod, alinyanyua mkono.

"Mwanangu, hicho chuma kimelalia kizingiti. Nawe utapita juu yake. Huko si kukanyaga?"

"Magurudumu si miguu, baba."

"Yametoka wapi? Si barabarani?" Lakini sauti yake ilikuwa na shaka, na wote waliisikia.

"Tumuulize Hosiyat," alisema Robiya. "Vizingiti ni kazi yake."

Nyuso zote zikamgeukia. Alijua kwamba neno lake moja lingemtosha mzee. Alijua pia kwamba akikubali, mtu yeyote mwenye vipande viwili vya alumini angepita popote, na miaka ishirini na miwili ya kuning'inia mikononi mwa wanaume ingekuwa ya bure. Msichana angekuwa wa kwanza. Yeye angekuwa mzito wa safu ya tatu.

"Mlinzi amesema kweli," alisema. "Kizingiti ni kizingiti."

"Kwa hiyo nibebwe?" Zebiniso aliuliza.

"Kama mimi."

"Hapana, shangazi."

"Jana ulibebwa kama mtoto mchanga na ukacheka."

"Jana nilikwenda kutazama paa. Leo nina jambo la kuomba. Siwezi kuliomba mtu akiwa amenishika makwapa."

Akakunja reli zake, akaziegemeza ukutani karibu na mlango, akabaki uani.

Ergash na msafiri mmoja asiyemjua walimwinua Hosiyat. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya sufu ya zamani. Wenzake waliingia, wakafungua viganja, wakaomba, wakatoka mmoja mmoja. Ergash naye akatoka. Hosiyat alikuwa amefungua viganja vyake pia, lakini kila alipoanza dua alisikia kicheko cha nje, halafu kicheko kikubwa zaidi.

"Rudia, mwanangu! Rudia nione!" Ilikuwa sauti ya Robiya.

Alisogea mpaka akaona ua. Zebiniso alikuwa ameketishwa kwenye benchi. Robiya, bibi wa wajukuu watano, alikuwa kwenye kiti chekundu, magurudumu ya mbele yako hewani, Ergash amemshika kwa nyuma, naye anapiga kelele kama msichana kwenye bembea. Wengine walikuwa wamepanga foleni.

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuomba kukalia kiti cha Hosiyat.

"Ergash!" aliita. "Wewe Ergash!"

Hakusikia. Hosiyat alisukuma magurudumu mpaka kikanyagio cha kiti chake kikagusa mforosadi.

"Watakuja," Normurod, aliyesimama mlangoni, alimtuliza.

"Sitaki waje." Alizitazama zile reli ukutani. "Baba, matofali unayo?"

"Ya nini?"

"Ulisema chuma kikilalia kizingiti ni kukanyaga."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Tulisema wawili. Kisipokilalia je? Pale getini una mfereji, na juu yake kuna daraja. Daraja linakanyaga maji?"

Mzee alishika ndevu, akafikiri kwa haki kabisa. "Halikanyagi."

Alileta matofali manne kutoka jikoni. Hosiyat alimwelekeza: mawili ndani ya kizingiti, mawili nje, reli juu yake, bawaba katikati. Mzee akapitisha vidole chini ya chuma. "Viwili," alisema. "Pana hewa."

Uani kicheko kilikoma. Zebiniso alikirudia kiti chake, akaja mpaka mguuni mwa reli. Wakatazamana, mmoja ndani, mmoja nje.

"Shangazi, hizi ni reli zangu."

"Na matofali ni yangu. Mkubwa kwanza."

Akakamata magurudumu. Msukumo wa kwanza ulimrudisha nyuma. Wa pili ulimfikisha nusu. Ergash alikimbia kuja kumshika.

"Ukinigusa nakuuma!"

Wa tatu ulimfikisha juu. Alitazama chini akauona mforosadi ukipita katikati ya magurudumu yake, mwembamba kuliko alivyodhani. Kisha akateremka kwa kasi hadi juani, nusura apite juu ya mguu wa Robiya. Wanawake wakashangilia. Aligeuza kichwa amwone Zebiniso alivyopokea jambo hilo.

Zebiniso alikuwa tayari anaingia. Alipanda kwa msukumo mmoja. Hosiyat aliuona vizuri, ulikuwa mmoja tu, na roho ikamuuma upya.

"Umeona, dada?" alisema Robiya. "Mkwe wangu kakufungulia njia."

"Kaleta chuma. Njia nimefungua mimi."

"Sawa, wewe. Twende tukale sambusa, zinapoa."

"Nendeni. Mimi namngoja huyo atoke, nirudi ndani."

"Umesahau nini?"

"Sijaomba," alisema Hosiyat. "Muda wote nilikuwa nawasikiliza ninyi."