Daktari wa Ubongo Waliyemngoja

Kazi yangu ni kuangalia mishipa ya damu ndani ya ubongo wa panya aliye hai. Naisema mapema, maana nyumbani nilichelewa kuisema. Chuoni kule Ulaya namlaza panya kwa dawa, namnyoa kichwani, naukwangua mfupa wa fuvu polepole mpaka unabaki mwembamba, na chini yake mishipa inaonekana. Kwa darubini naona damu inapita. Kisha naziba mshipa mmoja kwa mwanga mkali, makusudi kabisa, na kuandika dakika kwa dakika jinsi sehemu ile inavyokufa. Ndivyo tunavyojifunza kiharusi. Panya naye ana roho, najua, na kila mara namwomba radhi kimoyomoyo.

Mama yangu alikuwa anavuka mpaka kila asubuhi, kutoka Gisenyi kwenda Goma, na beseni la karoti za kuuza. Wenzake walipomuuliza mtoto wake anafanya nini huko ng'ambo, alijibu, "Ule? Ni docteur ya bongo!" Majirani wakaanza kunipigia simu kuhusu vichwa vyao. Nami, badala ya kusema mimi ni mtu wa panya tu, nilinyamaza. Jamani, jina la docteur lilikuwa linaninogea. Nilikuwa nawaambia wanywe maji, wapumzike, nao wananishukuru mpaka naona haya.

Siku Mama alipoanguka uani ilikuwa mchana kweupe. Mdogo wangu wa kike, anayekaa naye, aliona mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Shangazi yetu alitaka waende hospitali. Si mbali, kwa pikipiki unafika kabla kofia haijakukaa vizuri kichwani. Lakini mdogo wangu akakataa. "Hapana, musimuguse. Tuulize kwanza yaya." Yaya ni mimi, mkubwa wake. Akapiga. Akapiga tena na tena. Wakamlaza Mama kitandani, wakamfunika, wakangoja simu yangu.

Na simu yangu ilikuwa wapi? Kwenye kabati, nje ya chumba cha darubini, kwa sababu mtikisiko mdogo tu unaharibu picha. Mchana ule ule mimi nilikuwa naziba mshipa wa panya huku natazama saa. Nilipotoka na kuona zile simu, nilipiga, nikapayuka kama mwendawazimu: "Mumupeleke hospitali! Sasa hivi!" Saa chache za kuuokoa ubongo wake zilikuwa zimepita, na kati yetu wote ni mimi peke yangu niliyejua hivyo. Daktari wa pale hakumlaumu mtu. Aliuliza tu ilianza saa ngapi, na mdogo wangu alipomwambia, akainamisha kichwa.

Nikarudi Gisenyi. Mkono wa kulia wa Mama umelala tu mapajani, na maneno yamekwisha. Huyu mwanamke aliyekuwa akibishana na askari wa mpakani mpaka wenyewe wanacheka! Namlisha uji, unamtoka kidevuni, namfuta, kisha naenda nyuma ya jikoni kulia. Nimejichukia, sifichi.

Jumapili, watu walipotoka misa wakaja kumwona Mama, na mama mmoja jirani akaniuliza kuhusu kizunguzungu chake. "Docteur, unisaidie." Nikaona basi, imetosha.

"Mimi si daktari," nikasema mbele ya wote. "Sijatibu mtu hata siku moja. Naangalia panya. Nenda hospitali, mama, tena nenda leo."

Yule mama akaguna, akaaga, akaondoka. Mdogo wangu alikuwa anakunja kitenge cha Mama. Akasimama nacho mkononi.

"Yaya," akasema, wala hakuwa na hasira, "kumbe ile siku tulikuwa tunangoja nani?"

Mama alikuwa macho, anatusikia.