Kapteni Ndolo Ashusha Abiria

Ndolo Muthama alirusha ndege za shirika kubwa la Nairobi miaka mingi, na miaka yote hiyo alikuwa rubani msaidizi. Waliomtangulia hawakuonyesha dalili ya kustaafu. Kwa hivyo mwaka wa 2006, shirika jipya la nauli nafuu lililoitwa Tausi lilipomwahidi ukapteni, aliandika barua ya kuacha kazi.

Mkewe, Nzilani, hakufurahi. Ndio kwanza walikuwa wamehamia Kitengela.

"Huko uko wanakujua," alimwambia. "Hawa wa jana, wewe unawajua?"

"Nikingoja zaidi nitazeeka nikiwa msaidizi, Nzilani."

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wauza nyanya wa Loitokitok na walimu wa shule za msingi walipanda ndege ya Mombasa wamepakata mifuko yao magotini, na kila ilipotua walipiga makofi. Ndolo alichoka kuliko zamani, kwa sababu ndege ilikuwa haikai chini, lakini alichoka akiwa kapteni.

Mwaka wa pili akamkatia mamake tiketi. Kathini alikuwa mjane aliyeishi Kisaju, na hakuwa amewahi kupanda ndege. Siku hiyo alivaa sare yake ya kanisa, akakaa karibu na dirisha, akafungwa mkanda.

Milango ilikuwa karibu kufungwa wakati ofisa wa uwanja alipoingia na wanaume wawili wenye suti. Tausi ilikuwa imekodi ndege hiyo kutoka ng'ambo, na sasa wenyewe, ambao hawakuwa wamelipwa, walikuwa wameifuata. Haingeruka. Ndolo alipiga simu ofisini. Iliita, ikakatika. Akapiga tena. Judy, rubani wake msaidizi, alianza kuzima mitambo.

Angeweza kutangaza kwa kipaza sauti. Badala yake alitoka, akasimama mbele ya watu.

"Mtuwie radhi. Naomba tushuke."

Kelele zikapanda. Mwanamume mmoja akasimama juu ya kiti. "Si wewe ndio kapteni? Washa twende!"

"Siwezi, ndugu yangu."

Walishuka wakimtukana. Mamake hakuinuka.

"Ndolo," aliuliza polepole, "nimekaa vibaya?"

"Hapana, mwaitu," alimwita mama kwa Kikamba.

"Sasa mbona tunashuka?"

Alipiga magoti akamfungua mkanda, akamshika mkono, wakashuka.

Tausi haikuruka tena. Ndolo alirudi kwa wakubwa wake wa zamani. Wakampa chai, wakamwambia nafasi zimejaa vijana. Judy alipata kazi Uarabuni. Ndolo aliomba huko pia, akaambiwa umri umesonga. Leseni ya rubani hutaka mtu awe anaruka na kupimwa mara kwa mara, na mashine ya kupimia marubani wa ndege aina yake ilikuwa ng'ambo, kwa gharama ambayo mshahara wa Nzilani wa kushona nguo kiwandani Athi River haungeweza kufikia. Leseni ikafa huku anaitazama.

Kila asubuhi alisimama langoni kwake, shati limepigwa pasi.

"Kapteni, leo hauendi kazi?" jirani yake Ngigi alimuuliza.

"Niko ofu."

Alijibu hivyo mwezi mzima, na uliofuata. Baadaye Ngigi akawa anamsalimia tu na kupita.