Saksafoni Ndani ya Kabati

Juzi nilikuwa Ladypool Road natafuta koti la baridi, nikaingia kwenye duka moja la mitumba. Pembeni kulikuwa na kabati kuukuu la mbao. Nikalifungua, harufu ikanipiga usoni: sufu ya zamani, tumbaku, na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Nikabaki nimeshika mlango, nimeganda. Muuzaji akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, ni makoti tu. Sasa ningemweleza nini, jamani? Kwamba kwangu mimi muziki unanuka hivyo?

Ngoja nikueleze wewe. Tulikuwa tunaishi Ladywood, ghorofani juu kabisa, mimi na mama. Mama alikuwa nesi wa zamu za usiku, Mtaita wa Wundanyi, mwanamke wa sauti nzuri na usingizi mwepesi. Alirudi asubuhi, akanitayarisha niende shule, ndipo akalala. Siku za mapumziko nilitakiwa kunyata nyumba nzima, na hata kijiko kikianguka nilisikia jina langu lote, mpaka la ukoo. Chumbani kwake kulikuwa na kabati lililojengewa ukutani, na upande wa pili wa ukuta ule mwembamba aliishi jirani tusiyemjua. Ndiyo Birmingham hiyo. Unaweza kukaa na mtu ukuta kwa ukuta usijue hata anakula nini.

Basi, kabati likaanza kuguna.

Haki sitii chumvi. Liliguna, likakoroma, likapanda juu, likalia kidogo, likanyamaza. Kesho yake vilevile. Mama akatoa nguo zote, akagongagonga mbao, asione kitu. Ndipo akampigia simu Mama Furaha, rafiki yake wa kanisani, Mkongomani wa Bukavu, mtu wa maombi mazito. Mama Furaha alikuja Jumamosi mchana na akina mama wenzake na chupa ya mafuta ya upako. Akatega sikio kwenye mlango wa kabati, macho yakamtoka.

"Yesu wangu," akasema, "humu ndani muko kitu!"

Sijui kama umewahi kuona akina mama wa Kikenya na wa Kikongo wakikemea kabati. Komeo lilipakwa mafuta. Pepo akaamriwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza pia, maana hakuna aliyejua alisomea wapi. Mimi nilikuwa kitandani nimekumbatia mto, nimefurahi kupita kiasi. Kisha wakataka kuimba, na mama akaanzisha wimbo wa bibi yangu. Ulikuwa wimbo wa kanisani, wa taratibu, ambao bibi aliuimba akipalilia na mama aliuimba kila akiosha vyombo. Mama akaimba mstari wa kwanza, akavuta pumzi, na kabati likamjibu.

Likajibu vizuri, tena kwa utamu, kana kwamba wamefanya mazoezi pamoja. Wee! Chumba kilibaki kitupu. Mama Furaha alifika kwenye lifti na kiatu kimoja. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Alikuwa mzee mweusi, mrefu, suruali imepigwa pasi barabara, saksafoni inaning'inia shingoni. Kwa Kiingereza cha Kimarekani, cha kuvuta maneno, akaomba radhi kwa kuingilia wimbo wa watu. Alidhani makoti yanazuia sauti. Lakini aliposikia mwimbaji anavuta pumzi, alisema, vidole vilikwenda vyenyewe. Mama alimtazama, akatazama kabati lake lenye mafuta, akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhamie Uingereza.

Jina lake lilikuwa Lucius. Siku hiyohiyo akawa Mzee Lucius, na ukawa ujirani. Mama alimpelekea chapati, naye alizila kwa kuzilowesha kwenye mchuzi, taratibu sana. Mimi nilipewa ruhusa ya kwenda kwake jioni mama akijiandaa kwenda kazini, na huko ndiko nilikoonyeshwa siri ya kabati. Lilikuwa limejaa makoti matupu, ya sufu, mazito, yake na ya marehemu mkewe. Alifungua mlango, akakiingiza kinywa kipana cha saksafoni, kule sauti inakotokea, katikati ya makoti, akapuliza humo. Makoti yalimeza sauti, majirani wasilalamike. Kumbe sehemu ya kelele ilikuwa inapenya nyuma, inatokea kwetu.

Ukutani alikuwa na picha, na kila picha ilikuwa na hadithi. Alizaliwa kusini mwa Marekani, mama yake akifua nguo za watu. Saksafoni ya kwanza aliazimwa na shule. Angali kijana akapanda basi la bendi, akaizunguka nchi ile yote. Walipiga kwenye hoteli kubwa ambazo hawakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Wazungu wakicheza ukumbini, wao walikula jikoni wamesimama. Aliyasimulia hayo bila kupandisha sauti, nami ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Baadaye akafika New York, na huko waimbaji wakubwa wakawa wanamgombania. Hakuwahi kuwa kiongozi wa bendi. Kwenye sahani za santuri jina lake liliandikwa nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo. Lakini mwimbaji akishaimba naye, hakutaka mwingine.

Nilimuuliza kazi yake hasa ilikuwa nini. Akasema kazi yake ilikuwa kujibu.

"Mwache mwimbaji aseme," aliniambia. "Usimwingilie. Akivuta pumzi, hapo ndipo kwako. Akirudi, nyamaza."

Nilidhani ni kazi rahisi mno, na nikamwambia. Alicheka mpaka akajishika mdomo. Ndivyo alivyokuja Uingereza, nyuma ya mwimbaji mmoja. Walipiga Birmingham, akamwona Doreen, aliyekuja kuwa mkewe, akicheza dansi, meli ikaondoka bila yeye. Kisha muziki ukabadilika, vijana wakataka magitaa, naye akaajiriwa kwenye kiwanda cha magari na kupiga saksafoni wikendi tu. Hakuona kuwa ameshuka. Alisema mwanamuziki ambaye hajawahi kushika spana ana mikono laini mno.

Kilichomwangusha ni meno. Nilikuwa sijui kwamba mpiga saksafoni hupiga kwa meno pia; yale ya juu ndiyo yanayokituliza kile kipande cha kupulizia. Fizi ziliugua, meno yakang'oka yote, akawekewa ya bandia, na meno ya bandia huteleza. Sauti ikaanza kukwaruza. Tangu hapo hakupiga tena mbele ya watu. Wapenzi wa jazi walimfuata kumwandalia sherehe, akakataa. Mama alimbembeleza aje kupiga kanisani, akakataa, tena na tena, kwa adabu. Watu wanaikumbuka sauti yake ya zamani, alisema, basi waachwe nayo. Kila siku alirudi kwenye makoti yake, akivuta noti moja ndefu, akiitafuta ile sauti. Mimi niliisikiliza kutoka kitandani kwa mama na kwangu ilikuwa tayari imeshapatikana. Sikumwelewa kabisa. Hata mama, yule wa usingizi mwepesi, alianza kulala kabati likiimba.

Kisha bibi akafariki.

Makaratasi yetu ya ukaazi yalikuwa bado serikalini. Mama angetoka nchini asingerudi, na alijua. Kwetu, jeneza likishushwa, binti wa kwanza wa marehemu ndiye anayeanzisha wimbo wake. Ubeti wa kwanza ni wake peke yake, hapokewi wala hasaidiwi. Watu wote huingia kwenye ubeti wa pili. Mama ndiye binti wa kwanza. Wakakubaliana na mama mdogo kwamba aanzishe kwa simu, naye mama mdogo ainue simu yake ya mkononi pale kaburini watu wasikie.

Asubuhi ya mazishi nyumba yetu ilijaa. Wanaume walikaa sebuleni na chai zao, Mzee Lucius katikati yao, amevaa suti yake ya jukwaani, mikono mitupu. Akina mama walikuwa chumbani wamemzunguka mama. Tulivuta waya wa simu mpaka kitandani, tukakwangua kadi ya simu, tukabonyeza kitufe cha kispika ili wote wasikie. Kutoka Wundanyi tukasikia upepo, kikohozi cha mtu, na mchungaji akimaliza.

"Dada, anza," mama mdogo akasema. "Tunakusikia."

Mama akaimba mstari wa kwanza. Sauti yake ilisimama vizuri. Alipofungua mdomo kwa mstari wa pili, hakukutoka kitu. Akajaribu tena.

"Dada," simu ikasema, "tunakungoja."

Mama Furaha alitaka kumpokea, mwenzake mmoja akamshika mkono, maana ubeti ule haupokewi. Nilisikia mama akinong'ona, "Siwezi. Mama yangu, siwezi." Nikatazama sebuleni kutafuta mtu mzima wa kusaidia, na nikamwona Mzee Lucius akiweka kikombe chini, akiinuka, akitoka nje ya nyumba haraka. Nilimchukia dakika ile. Nilidhani amekimbia kilio chetu.

Simu ilikuwa inahema tu. Ndipo sauti ikatoka kabatini.

Ilianza kwa kukwaruza, mkwaruzo mbaya hasa, kisha ikanyooka. Haikuwa ile sauti ya mbali niliyoizoea, ilijaa chumba kizima, waziwazi, na ilitetemeka pembeni. Ilijibu mstari ule mmoja ambao mama alikuwa ameuimba. Kisha ikanyamaza. Ikanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikataka kupiga kelele. Mama akainua uso, akalitazama kabati. Akavuta pumzi. Akaimba mstari wa pili, wote, na kabati likamjibu. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa ubeti, na hapo Wundanyi yote ikaingia kwenye kile kispika kidogo, na akina mama chumbani, na wanaume sebuleni, na mimi.

Mama mdogo aliuliza baadaye kama tulikodi bendi.

Nilikimbia kwa Mzee Lucius. Mlango ulikuwa wazi. Makoti yote yalikuwa sakafuni, lundo zima, na kabati lilikuwa tupu. Nilidhani anahama. Alikuwa ameketi juu ya lundo, saksafoni magotini, anajifuta midomo kwa leso.

"Ilisikika?" akaniuliza.

"Mpaka Wundanyi," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, akacheka, akalia kidogo, akarudisha makoti moja moja nami nikimpokeza.

Alishafariki muda mrefu sasa. Nilipokuwa mtu mzima nilitafuta santuri moja kati ya zile za herufi ndogo nyuma ya jalada, nikaipata, nikaketi kumsubiri Mzee wangu aonyeshe ufundi. Yule mwimbaji akaimba, akaimba, upande mzima ukaisha, na Lucius hakujitokeza mbele hata mara moja. Niliona nimepunjwa. Nikaigeuza, nikaisikiliza tena, na safari hii nikasikiliza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Alikuwa hapo kila mara.

Ndipo nikaielewa asubuhi ile. Miaka yote nilikuwa nikisimulia kwamba alimpigia mama wimbo. Hakumpigia. Aliujua wimbo wote, alikuwa ameusikia ukutani kila siku vyombo vikioshwa, na angeweza kuupiga wote peke yake. Mistari ya mama hakuigusa. Na yale makoti, hakuwa anahama. Mtu aliyekataa kusikika na meno yale, hata kwa waliomheshimu, aliyatupa makoti yote sakafuni kwanza, ndipo akapuliza, akanyamaza, akamngoja mama avute pumzi.